Mwongozo wa kusoma na kutumia utabiri wa vuli Kanda ya Ziwa

Kila mwaka Agosti ikielekea ukingoni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, hutangaza mwelekeo wa mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba. Hazipiti siku nyingi maswali yanaanza, na ni yaleyale. "Wamesema wastani hadi juu ya wastani, ndiyo nini?" "Nipande lini?" "Mbona kwa jirani imenyesha na kwangu hakuna?" "Mwaka huu ziwa litachafuka?" Mwongozo huu ni wa mkulima, mvuvi, mfugaji na mkazi yeyote wa Kagera, Geita, Mwanza, Simiyu, Shinyanga au Mara aliyeusikia utabiri redioni na hajui aufanyie nini.

Jambo moja lishike tangu sasa: utabiri wa msimu haukuambii kwamba Jumanne ijayo itanyesha. Unakuambia msimu mzima umeegemea upande gani. Siku ya kupanda, au usiku wa kuingiza mtumbwi majini, huamuliwa kwa taarifa nyingine za muda mfupi ambazo tutazifikia. Anayechanganya hizo mbili ndiye anayepoteza mbegu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Taarifa kamili ya TMA ya vuli ya mwaka huu. Si kipande kilichosambazwa WhatsApp bila tarehe. Ipo kwenye tovuti ya TMA, na afisa ugani wa kata yako muulize pia.
- Daftari na kalamu.
- Kopo lenye pande zilizonyooka, lisilotanuka juu wala chini, pamoja na rula ya shule.
- Jembe.
- Redio au simu ya kupokea taarifa za kila siku.
- Kumbukumbu za misimu iliyopita shambani kwako. Kama hukuandika, kaa na mzee mmoja anayelima jirani umuulize ni miaka gani vuli ilichelewa na ni wapi maji yalituama.

Chanzo cha vuli, kwa ufupi

Vuli yetu inaongozwa sana na joto la Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi wa bahari hiyo, ule wa kwetu, ukiwa na joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, mvua Afrika Mashariki huongezeka. Ndivyo ilivyokuwa 2019. El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yakipata joto kuliko kawaida, mara nyingi husukuma mambo kuelekea hukohuko, kama 1997 na 2023, na La Niña, maji hayo yakipoa, huvuta kuelekea ukame. Lakini usiishie kwenye jina. El Niño ya 2015 ilikuwa na nguvu sana, na bado haikuleta mafuriko ya kiwango cha 1997 katika ukanda huu. Ukisikia "kuna El Niño", jibu lako liwe kusoma taarifa yote, si kuanza kuhama.

Kwa sababu imefungwa na bahari hivyo, vuli hutabirika vizuri kuliko masika. Ndiyo maana inafaa kuhangaika nayo.

Hatua

1. Tafuta eneo lako, si kanda tu. Taarifa huwa na sehemu ya ukanda wa Ziwa Victoria, na watu wengi husoma sentensi ya kwanza wakafunga. Endelea kusoma. Mikoa hii sita haipati mvua sawa hata kidogo. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, Mwanza kiasi cha nusu yake, na Musoma chini zaidi. Upepo wa mashariki hupita juu ya maji, hubeba unyevu na kuushusha Bukoba na Muleba. Musoma iko upande unakotokea upepo huo, kwa hiyo hainufaiki vilevile. Pia msimu hauanzi siku moja: kwa kawaida Kagera hutangulia, mara nyingi ndani ya Septemba, kisha mvua husambaa kuelekea mashariki na kusini mwa ziwa. Mkulima wa Maswa akipanda kwa sababu shemeji yake wa Karagwe amepanda, anapanda kwa kalenda isiyo yake.

2. Andika mambo manne kwenye daftari. Kiasi cha mvua kinachotarajiwa. Wiki ya kuanza. Wiki ya kuisha. Na mtawanyiko, maana yake mvua itagawanyikaje ndani ya msimu. Karibu kila mtu huangalia kiasi peke yake. Mimi ningekuambia uanze na mtawanyiko. Msimu wa "wastani" wenye vipindi virefu vya ukavu unaweza kuua mahindi yaliyo kwenye kubeba, na msimu wa "chini ya wastani" ulionyesha kidogokidogo kila wiki ukakuvunisha. Ukikuta maneno kama "mtawanyiko usioridhisha" au "vipindi vya ukavu mwezi Novemba", yapigie mstari.

3. Geuza neno "wastani" liwe milimita. Wastani hapa ni wa miaka mingi, kwa kawaida 30, wa eneo husika. Mvua ikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango hicho, huitwa ya wastani. Ikizidi 125 ni juu ya wastani, ikipungua 75 ni chini. Tuseme afisa ugani amekuambia eneo lako hupata milimita 400 kwa Oktoba hadi Desemba. Basi kuanzia 300 hadi 500 yote huitwa "wastani". Huo ni upana mkubwa: mtu wa 300 na mtu wa 500 wanasikia neno lilelile, lakini mmoja atalima mpunga na mwingine hatalima.

Kosa la kawaida: kudhani "wastani" ni "mvua ya kutosha". Kama wastani wa kwenu haujawahi kutosha mahindi ya muda mrefu, utabiri wa wastani haubadilishi kitu. Panda mbegu ya muda mfupi, au mtama.

4. Zisome asilimia kama nafasi, si kama ahadi. Ramani za vuli zinazotolewa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha Pembe ya Afrika kilichoko Nairobi, huonyesha nafasi za makundi matatu. Bila dalili yoyote kila kundi lingekuwa na nafasi ya 33 kati ya 100. Ukikuta 45 juu ya wastani, 35 wastani na 20 chini, fikiri hivi: katika misimu 20 yenye dalili kama hizi, 9 itakuwa na mvua nyingi, 7 ya kawaida na 4 itakuwa na upungufu. Ile minne ipo. Usiuze akiba yote ya chakula Septemba kwa sababu ya ile tisa.

Njia salama ni kugawa shamba. Utabiri ukiegemea mvua nyingi, ongeza eneo la mahindi au mpunga lakini bakiza sehemu ya mihogo na viazi vitamu. Ukiegemea upungufu, geuza mgawanyo. Kuweka ekari zote upande mmoja kwa utabiri wa asilimia 45 sikushauri hata kidogo.

5. Weka kipima mvua chako sasa, kabla ya tone la kwanza. Hatua hii watu huiruka, nami naona ndiyo inayolipa kuliko zote, kwa sababu mvua ya ziwa ina upendeleo: inaweza kulowesha kijiji kimoja na kuacha vumbi ng'ambo ya mlima.

Chukua kopo, lifunge kwenye mti mfupi uliochomekwa ardhini, mdomo ukiwa sawa na juu ya mti au umezidi kidogo. Liwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti: kama kuna mwembe wa mita 5, kopo likae angalau mita 10 kutoka hapo. Kila siku saa tatu asubuhi chovya rula hadi chini, soma, andika, mwaga maji. Hakikisha alama ya sifuri ya rula iko kwenye ncha kabisa. Rula nyingi za shule huacha nafasi kidogo kabla ya sifuri, na nafasi hiyo lazima uijumlishe. Kina cha milimita 12 kwenye kopo ni mvua ya milimita 12, basi. Huhitaji hesabu nyingine.

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Bati la mita 6 kwa 8 likipigwa na mvua ya milimita 10 linakusanya karibu lita 480. Ukishalijua hilo, utaona kama tenki ulilonalo linatosha au maji yanapotea bure.

6. Subiri mvua ya kupandia. Hapa ndipo maumivu yalipo kila mwaka. Mvua kubwa ya kwanza inanyesha, harufu ya udongo inapanda, kijiji kizima kinatoka na majembe. Siku nne baadaye jua linarudi kwa wiki mbili, miche inakauka, na mbegu ya kurudia haipo dukani au imepanda bei.

Kipimo kinachotumika sana Afrika Mashariki ni hiki: msimu umeanza pale angalau milimita 20 zinaponyesha ndani ya siku tatu, na katika wiki tatu zinazofuata pasiwe na ukavu wa siku saba mfululizo. Sehemu ya kwanza utaiona kwenye kopo lako. Ya pili huwezi kuiona mbele, kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza chimba kwa jembe sehemu tatu tofauti za shamba. Unyevu uwe umeshuka angalau sentimita 15. Chukua udongo wa chini uufinye kiganjani. Ukishikamana bila kutoa maji, uko tayari. Ukimwagika kama vumbi, rudi nyumbani hata kama juu kumelowa. Pili, sikiliza taarifa ya siku kumi ya TMA. Ikisema mvua zinaendelea, panda. Ikisema zinapungua, ngoja.

Wa pamba Simiyu na Shinyanga msiharakishe kwa mvua za Oktoba. Upandaji wenu unaanza katikati ya Novemba, na mbegu iliyowahi mno hukutana na ukavu ikiwa bado changa.

7. Badili taarifa kadiri siku zinavyokaribia. Utabiri wa msimu ni wa kupanga mbegu, pembejeo na akiba. Taarifa ya siku kumi ni ya kupanda, kupalilia na kuweka mbolea. Ya siku tano na ya saa 24 ni ya kuanika, kunyunyizia dawa, kusafiri na kuvua. Mbolea ya kukuzia ukiiweka siku moja kabla ya mvua ya milimita 50, umeilisha mitaro.

Jifunze pia rangi za tahadhari. Njano ni angalizo: fuatilia. Rangi ya chungwa ni tahadhari: jiandae. Nyekundu ni tahadhari kubwa: chukua hatua saa hiyohiyo. TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na upepo mkali ule unaofikia kilomita 40 kwa saa. Kwa mtumbwi wa mbao uliojaa dagaa, upepo huo si wa kujaribu.

8. Kama unaingia ziwani, soma saa kabla ya kusoma mawingu. Ziwa lina ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na radi hujijenga alasiri juu ya ardhi, hasa upande wa mashariki. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, upepo kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa na dhoruba huzaliwa hukohuko, usiku wa manane hadi alfajiri. Kisha husukumwa magharibi. Ndiyo sababu Bukoba huamka na ngurumo wakati Musoma anga ni jeupe.

Sasa fikiria wavuvi wa dagaa. Wanatoka jioni, giza la mwezi, taa zimewashwa, na anga la machweo halina doa. Anga hilo haliwaambii chochote kuhusu saa tisa usiku. Kwa hiyo:

- Pata taarifa ya ziwa ya jioni hiyo kabla ya kuondoka mwaloni, na iwe ya upande unaoelekea.
- Kila mtu avae jaketi okozi. Lililowekwa chini ya nyavu halimsaidii mtu.
- Acha ujumbe ufukweni: nani wametoka, wameelekea wapi, watarudi lini.
- Upepo ukigeuka ghafla na kuwa wa baridi, dhoruba iko jirani. Geuza mtumbwi wakati huo, si baada ya mvua kuanza.
- Ukiona radi, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Chini ya sekunde 30 uko ndani ya eneo la hatari.

Nchi kavu kanuni ya radi ni hiyohiyo. Usijikinge chini ya mti, na usikubali watoto waendelee na mpira uwanjani eti bado hainyeshi. Kila msimu radi huua watu kanda hii, wengi wakiwa mahali ambapo wangeweza kuondoka mapema.

9. Kama unaishi ufukweni au bondeni, fikiria mbali kuliko Desemba. Ziwa hujaa polepole na hupungua polepole zaidi. Mvua kubwa za 1961 na 1962 ziliinua maji kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Baada ya vuli ya 2019 na masika iliyofuata, kiwango cha Mei 2020 kilivuka kidogo rekodi hiyo ya 1964, na nyumba, mialo na mashamba ya pembezoni vikaingiliwa. Maana yake, utabiri wa vuli nyingi ni onyo kwako hata kama Oktoba maji yako mbali. Safisha mitaro Septemba, pandisha vyakula na nyaraka juu, na vyoo vilivyo karibu na maji vishughulikiwe kabla, kwani mafuriko yakiingia chooni kipindupindu hufuata. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Anayejenga humo anajenga mahali ambapo ziwa limekwisha kufika.

Mambo yakienda tofauti

*Utabiri ulisema juu ya wastani na kwangu pamekauka.* Angalia kwanza daftari, si hisia. Jumlisha milimita zako na ulinganishe na tarehe: pengine msimu umechelewa tu, na Novemba bado iko mbele. Kama kweli umepungukiwa, kumbuka utabiri ni wa eneo pana. Kijiji kimoja kinaweza kukosa huku mkoa ukipata. Amua kwa kopo lako.

*Programu ya simu inasema mvua kila siku saa nane, na hainyeshi.* Programu nyingi huchukua hesabu za dunia nzima ambazo hazioni vizuri upepo wa ziwa na wa nchi kavu. Zinafaa kukuonyesha mwelekeo wa joto na upepo mkubwa. Kwa radi na mvua za hapa, taarifa ya TMA na macho yako yanazidi.

*Imenyesha sana mwanzoni mwa Septemba, je, ndiyo vuli?* Kagera inawezekana. Mara, Simiyu na Shinyanga mara nyingi hizo ni mvua za nje ya msimu. Tumia unyevu huo kulima na kuandaa matuta, mbegu iache ghalani.

*Nimepanda na sasa ni siku ya kumi bila tone.* Usirudie kupanda mara moja. Fukua mbegu chache kwenye mashimo tofauti. Zikiwa ngumu na hazijavimba, zina uhai, ngoja. Zikiwa zimechipua na kukauka, zimekufa, andaa mbegu ya muda mfupi. Miche iliyoota ipalilie mapema ili magugu yasigawane nayo maji, na tandaza nyasi kavu kati ya mistari.

*Mvua zimechelewa wiki tatu kupita tarehe iliyotajwa.* Sahau mahindi ya muda mrefu. Hesabu wiki zilizobaki hadi tarehe ya kuisha uliyoandika katika hatua ya 2, kisha chagua zao linaloingia humo: choroko, mtama wa muda mfupi, maharage kwa maeneo yenye ubaridi wa Kagera, au mbegu za viazi vitamu. Kama zimebaki wiki nane au pungufu, mahindi ya aina yoyote ni kamari.

*Wilaya yangu iko mpakani mwa rangi mbili kwenye ramani.* Rangi haikatiki pale mstari ulipochorwa. Jichukulie kuwa uko kati ya nafasi zote mbili, panga kwa ile yenye madhara makubwa zaidi kwako, kisha sikiliza marejeo: TMA huupitia utabiri na kutoa taarifa mpya msimu ukiendelea, nawe unatakiwa kurekebisha yale mambo manne ya daftarini kila zinapotoka.